Mwaka Tuliosikiliza Kitabu Nyuma ya Mkeka

Afande Opio alizikwa Mbale siku ya mvua, na kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika kwenye msiba wake ni kwenda jikoni kuonja chakula. Si adabu, najua. Mtu anatakiwa aanze kwa kulia. Lakini mimi nimepika maisha yangu yote, na pale nyuma ya nyumba palikuwa na sufuria kubwa ya malewa juu ya mafiga, wasichana wameizunguka na simu zao, na harufu yake iliniambia kwamba hakuna hata mmoja aliyeionja. Malewa ni machipukizi ya mianzi kutoka mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa meusi. Ukiyapika na karanga bila chumvi ya kutosha, unakula kamba. Nikachota, nikaonja, nikatia chumvi, nikaonja tena. Msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu jaja ametoka wapi?" Mutonyi, mjane mwenyewe, akamjibu kutoka mlangoni, macho yamevimba: "Mwacheni. Huyo alikuwa ulimi wa mama yangu." Hapo ndipo tukashikana, tukalia kama watu.

Wasichana hawakuelewa. Hata mjukuu wangu Khainza hakuelewa, na yeye ana akili kuliko sisi wote. Anapima damu hospitalini, amejenga nyumba huko Mafubira, na msibani alinileta kwa gari lake mwenyewe. Gari lake mwenyewe. Tukiwa njiani kurudi Jinja nilimweleza kidogo, akaniambia, "Jaja, hayo yaandike." Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo atakayeona kosa avumilie. Mambo ya baba na mama yangu sitayaeleza. Walikuwepo, walinilea, na nilipokuwa msichana wa kuolewa walinipandisha basi la kutoka Mbale kwenda Walukuba, Jinja, kumsaidia Senge Nambozo. Senge ni shangazi kwetu, dada wa baba. Nilikaa kwake mwaka mmoja kabla sijaolewa, na huo mwaka ndio ulionifanya mtu.

Senge alikuwa na hoteli. Msifikirie hoteli ya vitanda. Ilikuwa nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda, chumba cha mbele kina meza na mabenchi, chumba cha nyuma kina sigiri, masufuria na gunia la mkaa ambalo ndilo lilikuwa kiti changu. Wanaume wa kiwandani walikuja kula king'ora kilipolia, wakaondoka king'ora kilipolia tena, na katikati kulikuwa na saa za mchana ambazo hakuna mtu, ni nzi na harufu ya maharagwe. Kati ya chumba cha mbele na cha nyuma kulikuwa na mkeka wa matete umening'inizwa kutoka juu mpaka chini. Huo mkeka senge aliutundika siku Mutonyi, binti yake, alipoolewa na Opio, askari wa magereza kutoka upande wa kaskazini. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, hawashikani mkono, hawali pamoja. Majirani zetu Wasoga wanasema ukivunja mwiko huo utazeeka ukitetemeka mikono. Wengine siku hizo walikuwa wameanza kulegeza, lakini senge alikuwa mkali kuliko mila yenyewe. Kwake yeye hata neno la mkwe halikuruhusiwa kumwingia sikioni mpaka lipite kwenye kinywa cha mtu mwingine. Afande akisema mbele, "Nimeshiba, asante," mimi nilisema nyuma, "Anasema ameshiba, anashukuru," na senge, ambaye amesikia vizuri kabisa, aliitikia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Mimi nilikuwa mlango.

Na jambo lenyewe la mwaka ule lilikuwa hili: senge alikuwa hasikii ladha. Mume wake alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka uliotangulia, na tangu alipotoka kumzika ulimi wake ulikufa pamoja naye. Hakumwambia mtu. Nilijua mwenyewe, kwa sababu nilipofika alinipa kijiko na kusema, "Onja. Nataka kuona kama mama yako alikufundisha kitu." Nikaonja, nikamwambia hakuna chumvi. Kesho yake tena, "Onja." Kumbe alikuwa hanipimi. Ila siku nyingine aibu ilimzuia kuniita. Kuna siku niliamka na mafua, akapika mwenyewe, na nikaona wanaume wakitazamana mezani. Mmoja akapaza sauti, "Mama, leo chumvi imekwenda likizo?" Mwingine akasema, "Juzi ilikunywa pombe, ikaanguka yote kwa sufuria!" Wakacheka, wakalipa, na wiki iliyofuata niliwaona wakila kwa mwanamke wa upande wa pili wa barabara. Benchi la karibu na dirisha likabaki tupu. Hoteli ndiyo ilikuwa mume wa senge sasa, na yeye alikuwa anaiona inakufa mdogo mdogo kama alivyomwona yule wa kwanza.

Kitabu kililetwa na Mama Zubeda, mwanamke wa Kiislamu aliyefanya biashara ya vitenge kati ya Mbale na Jinja. Alikinunua mpakani kwa sababu nje yake kulikuwa na picha ya chungu kinachotoa moshi. Alikirusha mezani na kusema, "Nambozo, nimekuletea dawa. Kitabu cha pilau. Wapikie hawa wanaume pilau, watarudi wakitambaa." Kukisoma hakuweza. Alisoma Kurani tangu utoto, herufi za Kiarabu anazijua kama vidole vyake, lakini hizi nyingine alisema zinatembea kinyume. Basi ikabidi asubiriwe Afande, ambaye alikuja kula mchana kila alipokuwa hayupo zamu. Akavua kofia, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia kuita majina ya wafungwa asubuhi: "Kulikuwa na mwanamke. Alipika. Moshi wa jiko lake ukatoka dirishani. Ukamfuata mwanamume anayempenda. Ukakaa juu ya kichwa chake kama kofia." Akageuza kitabu, akatazama jalada la nyuma. "Hii si mambo ya pilau," alisema. "Hii ni hadithi."

"Mwambie aendelee," senge akasema nyuma ya mkeka.

"Afande, senge anasema uendelee."

Ndivyo tulivyoanza. Tulikuwa senge na mimi upande wa jiko, na upande wa mbele Afande, Mama Zubeda, na jirani yetu Nalongo, Msoga, mama wa mapacha, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala. Afande alisoma sentensi, mimi niliirudia neno kwa neno upande wetu, ndipo senge akakubali kwamba imesemwa. Nalongo siku ya kwanza alikuja kwa sababu ya kivuli tu. Kiswahili alikuwa hakitaki. "Mimi Kiswahili nilikisikia usiku, watu wanapiga mlango," alisema. "Fungua! Lala chini! Lete! Hayo ndiyo maneno yake. Hiyo lugha inaweza kupenda mtu?" Afande akatazama viatu vyake, maana yeye alikuwa mtu wa magwanda. Lakini alipofika pale mwanamke anapomwambia mwanamume, "Kaa, ule, umechoka," Nalongo akashika kidevu. "Kumbe hata kukaribisha mtu wanajua," alisema. Mimi pia nilishangaa. Nilikuwa sijawahi kusikia Kiswahili kikimbembeleza mtu.

Hadithi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Mpishi huyo hakupewa jina, tukamwita Mwenzetu. Alimpenda mpiga kengele wa stesheni ya reli. Yule bwana akahamishwa mbali, na kila jioni moshi wa Mwenzetu ulisafiri kando ya reli mpaka ukamfikia, ukakaa kichwani kwake, na watu wa huko wakajua kuna mwanamke anapika mahali fulani kwa ajili yake. Yeye naye akamsubiri miaka mingi bila kuoa. Mwenzetu akilia, chungu hakiishi. Akikasirika, waliokula wanagombana mpaka asubuhi.

Siku hizi Khainza yuko kwenye kikundi cha wasomaji kwenye simu, na mwaka huu walisoma kitabu hicho hicho, kimechapishwa upya na jalada linalong'aa. Wanasema mambo makubwa. Moshi maana yake hivi, chungu maana yake vile. Sisi hatukuwa na maana. Sisi moshi tuliuamini mara moja. Senge alisema kuna ukoo kule mlimani moshi wao hauvuki mto, na hakuna aliyebisha. Chungu kisichoisha, Mama Zubeda alisema tu, "Nikipate mimi, niache vitenge." Tulichokataa ni yule mwanamume kusubiri. Nalongo alisimama kabisa. "Miaka yote hiyo? Mwanamume? Anafua nguo mwenyewe? Mwandishi huyu ametuona wajinga!" Afande akasema kwa unyonge, "Labda alikuwa na kazi nyingi." Wakamcheka mpaka akavaa kofia. Na senge alikuwa na ugomvi wake na mwandishi juu ya vitunguu. Mwenzetu alitia vitunguu kabla mafuta hayajapata moto. "Mwambie Afande amwambie mwandishi, vitunguu vyake vimechemka, havikukaangika." Nikapeleka. Afande akajibu kwamba mwandishi hayuko hapa. Nikarudisha. "Basi asipike," senge akasema. Kila siku mwisho wake alisema neno hilo hilo: "Uongo mtupu." Na kila siku aliosha vyombo mapema ili apate kusikiliza.

Halafu mpiga kengele akafa. Treni ikamleta kwenye sanduku, na jioni ile moshi wa Mwenzetu haukutoka dirishani, ulizunguka ndani ukakaa sakafuni kama paka mgonjwa. Afande akasoma: "Akachota mchuzi, akauweka ulimini. Ilikuwa kama kulamba ukuta." Nikageuka kurudia, na nikamkuta senge amesimama, kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa. Sikurudia. Hakunidai. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze hakusema uongo mtupu. Baadaye, tukiosha masufuria, aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mkaa: "Unadhani ulimi wake utarudi?" Nikasema sijui, senge. "Nami nataka kujua tu huyo mwanamke alifanyaje," alisema. "Si kitu. Nataka kujua tu."

Mkutano uliofuata ndio uliharibu. Afande alikuwa hana tabia ya kupitia ukurasa kwanza kwa macho. Kwake maneno yaliyoandikwa yalikuwa amri, unasoma mpaka mwisho. Mwenzetu, katika huzuni yake, akaanza kukumbuka usiku mmoja aliolala na mpiga kengele, na mwandishi yule, Mungu amsamehe, hakusahau kitu. Afande akasoma. Sentensi ya kwanza niliirudia kabla sijaelewa. Ya pili nikaikatiza katikati. Ya tatu Nalongo alianza kukohoa, Mama Zubeda akajifunika kanga uso mzima, na Afande, jasho linamtoka, anaendelea kwa sauti ya kuita wafungwa, vifungo vya gauni, kifua, pumzi, yote mbele ya masikio ya mama mkwe wake. Mfuniko wa sufuria ukaanguka. Senge akapaza sauti, bila mimi, bila mlango:

"Afande, nyamaza!"

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia mkwe wake. Afande akaweka kitabu mezani polepole kama kitu cha mlipuko, akatoka nje kinyumenyume, kofia ameisahau. Hapo hakuna wa kumlaumu. Yeye alisoma kilichoandikwa, senge alizuia kisichofaa kusikika, lakini aibu ilikuwa imeshamwagika. Wazee walituma neno, Afande akaleta mbuzi na kitambaa cha kufuta aibu kama desturi ilivyo, akavifunga nje ya mlango na hakuingia. Haikusaidia. Aliomba ahamishiwe gereza la Mbale, akapewa, akaondoka na Mutonyi. Mama Zubeda akaenda kwenye safari zake. Nalongo akasema Kiswahili kimerudi kwenye kazi yake ya zamani ya kufukuza watu. Senge akabaki na mimi, benchi tupu, na kitabu kilichofungwa katikati.

Alikitazama kitabu hicho kila alipopita. Hakukigusa. Siku moja mchana, mvua inanyesha na hakuna mteja, nilikichukua nikafungua ukurasa wa kwanza. Herufi nilizijua za darasa la tatu, moja moja, kama watu unaowasalimia sokoni bila kujua wanakaa wapi. Lakini nilijua kinachosemwa pale. Nilikuwa nimekirudia chote kwa kinywa changu, sentensi baada ya sentensi, nyuma ya mkeka. Nikasema, "Kulikuwa na mwanamke," na nikaweka kidole, na maneno yalikuwa pale pale, yananingojea. "Alipika." Nikalipata. "Moshi." Nikalipata. Nilisoma hivyo siku nyingi, mdomo unatangulia na jicho linafuata, mpaka jicho likaanza kutangulia. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alinifundisha kusoma, namwambia ni mwiko wa senge. Angekuwa mwanamke wa kulegeza mila, leo nisingejua jina langu kwenye karatasi.

Nilipofika mahali Afande alipoachia, nilimwambia. Senge akafuta mikono, akakaa kwenye gunia la mkaa, gunia langu. "Hapo pabaya paruke," alisema. Nikaruka. Nikasoma kidogo mbele, polepole, nikikwama. Akainua mkono. "Hebu rudi nyuma kidogo."

"Wapi, senge?"

"Pale tuliporuka." Nikamtazama. "Unatazama nini? Mimi si senge wako? Mambo hayo nani atakufundisha, baba yako?" Ni kweli, kwetu hiyo ni kazi ya senge. Nikamsomea vifungo vyote, na yeye akasikiliza kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. "Huyo mwanamume alikuwa na haraka," alisema mwishowe. "Endelea."

Siku ya kumaliza nilisoma kimya ukurasa wa mwisho kabla ya kumsomea senge, nikaona. Ulimi wa Mwenzetu haukurudi. Mpaka anazeeka haukurudi. Alipika kwa kutazama nyuso za wanaokula, na kwenye chumvi alimwita mtoto wa jirani amwonjee. Nilikaa na kitabu magotini. Ningeweza kusema chochote. Yeye hakujua kusoma, Afande yuko Mbale, na mimi nilimpenda, nilitaka benchi lile lijae. Senge akasema, "Mbona umenyamaza? Soma kama kilivyo. Nikitaka kudanganywa kuna wachungaji." Nikasoma kama kilivyo.

Mkaa ulikuwa unalia ndani ya sigiri. "Kumbe," senge alisema. Halafu: "Huyu mwandishi sasa amesema kweli. Vitunguu hajui, wanaume hajui, lakini hili analijua." Akainuka, akachukua mwiko wa kupikia, akanipa. "Basi kuanzia kesho chumvi ni yako. Mimi nitatazama nyuso. Na tusifichane tena, watu wanakimbia." Ndivyo tulivyofanya. Alikuwa akiinua mkeka kidogo, anachungulia wanavyotafuna, ananiambia, "Yule wa shati la kijani ameacha kutafuna katikati, ongeza." Wateja walirudi, si wote, lakini benchi la dirishani likakaliwa.

Khainza ananiambia kwamba kwenye kikundi chao wengi walichukia mwisho huo. Walitaka ulimi urudi. Mmoja alieleza kwamba ulimi si ulimi, ni huzuni ya mwanamke. Nikamwambia, mwanangu, waambie wenzako ulimi ulikuwa ulimi. Tulikuwa tunauza chakula.

Kabla mwaka haujaisha senge alinituma Mbale. Alinifungia ndizi na nyama kwenye majani, akanipa kofia ya Afande iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari miezi yote hiyo, na ujumbe mmoja, akanifanya niurudie mpaka ukae. Nilimkuta Afande nje ya nyumba za askari, anapiga viatu rangi. Aliponiona alisimama kama anakaguliwa. Mutonyi akatoka na unga mikononi.

Nikasimama pale uani, nikasema kama nilivyozoea: "Senge anasema, ulimi haukurudi, lakini chakula kipo."

"Ulimi wa nani?" Afande akauliza. "Wa yule wa kitabu?"

"Wa wote wawili."

Mutonyi akaziba mdomo kwa mikono ile ya unga. Alikuwa hajui, binti wa tumbo la senge mwenyewe. Afande akapokea kofia, akaizungusha, akaifuta mahali pasipo na vumbi.

"Mwambie mama nitakuja," alisema kwa sauti yake ya kuita majina. "Na mwambie, mimi nilijua. Tangu mzee afe. Siku zingine mchuzi ulikuwa maji ya bahari, siku zingine maji ya mvua. Nilikula yote. Mwambie sikuacha hata kidogo kwenye sahani."

Hilo nalo nilirudi nalo Walukuba neno kwa neno. Senge alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie hapo pa sahani, nikarudia. Kisha akashika mkeka kwa mkono mmoja, akacheka, na mkeka mzima ukatikisika mpaka wanaume wa upande wa mbele wakaacha kula.